Nina shilingi 1,800,000 za kompyuta ya kazi: niache nini, nishikilie nini?

SWALI

Kaka, habari za kazi. Mimi ni afisa takwimu wa mradi wa wakulima wa zabibu na alizeti. Siku mbili za wiki nipo ofisini Dodoma mjini, tatu nipo Hombolo, Mvumi au Bahi, na mara nyingi naenda kwa bodaboda. Kazi yangu kubwa ni Excel, na faili kuu lina mistari zaidi ya laki mbili. Nachora pia ramani za mashamba kwenye QGIS, halafu naonyesha matokeo kwa projekta kwenye ofisi za vijiji. Ofisi imenipa 1,800,000 ninunue kompyuta mpakato mwenyewe. Nimezunguka madukani nikabaki na tatu. Ya kwanza ni mpya, Core i7 yenye kadi kubwa ya picha, RAM GB 8, inchi 15.6, kilo mbili na ushee. Ya pili ni mpya, nyembamba na nyepesi, Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256, kioo cha kugusa. Ya tatu imetumika Uingereza, Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256, inchi 14, na bei yake ni 1,100,000, ila muuzaji amekiri betri imechoka. Kila moja ina kasoro yake. Nivumilie kasoro ipi?

Msomaji, Chamwino

JIBU

Dada yangu, mimi ningechukua ya tatu, na katika zile laki saba zinazobaki ningenunua betri mpya na kipande kingine cha RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia wakati inafanya kazi) cha GB 8. Lakini usinunue kwa neno langu tu. Kuna mambo mawili ya kupima kwenye hiyo mashine, na moja likikataa uiache hapo hapo dukani.

Hela ikiwa haitoshi kwa kila kitu, punguza kwanza kwenye kile ambacho fundi anaweza kukiongeza baadaye kwa bisibisi. SSD, yaani hifadhi ya mafaili, ya GB 256 leo, mwakani unaweka ya 512 kwa kazi ya nusu saa. Betri hubadilishwa. RAM huongezwa, kama bodi ina nafasi yake. Kioo hubadilika pia, lakini kwa bei inayouma. Uzito haubadiliki, na RAM iliyochomelewa kwenye bodi ndiyo hiyo hiyo hadi mashine ife.

Hapo ndipo ile ya pili inaponitia wasiwasi. Mashine nyembamba za siku hizi nyingi RAM yake imechomelewa, na hazina nafasi ya kuongeza kipande. Mwambie muuzaji akuonyeshe maelezo ya modeli hiyo kamili, asikujibu kwa kichwa. Kwa kazi yako GB 8 hazitoshi. Windows 11 pamoja na kivinjari chenye kurasa kadhaa hula karibu nusu kabla hujafungua chochote, kisha unakuja na faili la mistari laki mbili lenye fomula, na QGIS imefunguliwa pembeni. RAM ikijaa, kompyuta huazima nafasi kwenye SSD, ambayo ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana, na hapo ndipo unaona kile kiduara kinazunguka huku wajumbe wa kijiji wamekaa wanakusubiri. Nimewahi kuletewa mashine tano za ofisi moja, zote za namna hiyo, nzuri kweli kuzitazama, hazijamaliza hata miaka miwili. Nilizifungua moja moja nikitafuta pa kuongeza RAM. Hapakuwa na mahali. Nilizifunga nikazirudisha kama zilivyokuja, na iliniuma, maana hela ilikuwa imetoka na kazi za watu zilikuwa zinakwama.

Ya kwanza, hilo neno i7 lisikutetemeshe. Namba hiyo haikwambii nguvu mpaka ujue kizazi na herufi ya mwisho. Chukua mfano wa i7-7500U ya kizazi cha 7: ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu ndani ya prosesa. i5-8250U ya kizazi cha 8 ina vinne. Kwa hiyo i5 ya mwaka uliofuata iliizidi i7 ya mwaka uliotangulia, na bado watu wanauziwa ile i7 ya zamani kwa bei ya juu kwa sababu ya kibandiko. Halafu itazame ile herufi: U ni prosesa iliyotengenezwa kwa matumizi ya wati 15 hivi, H ni ya wati 45. Mashine yenye kadi kubwa ya picha kwa kawaida hubeba H. Excel haina haja na kadi hiyo, na ramani zako za mashamba zitachorwa vizuri bila hiyo. Utakuwa umelipia joto, feni inayovuma na kilo mbili mgongoni kutoka mjini hadi Mvumi.

Kuhusu betri, usihesabu kwa maneno ya dukani. Chukua uwezo wa betri kwa wati-saa, ugawe kwa wati zinazotumika. Kazi ya Excel kwenye mashine ya U, kioo kikiwa na mwanga wa wastani, hula kama wati 8 hadi 10. Betri ya wati-saa 50 ikiwa nzima inakupa saa tano hadi sita, yaani siku ya kijijini inaisha na chaja haijatoka mkobani. Ukiwa dukani fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ndani yake tafuta namba mbili: uwezo ambao betri ilizaliwa nao, na uwezo inaoufikia leo ikijaa. Ukikuta 50,000 na 29,000, imebaki asilimia 58, na saa zako ni tatu. Hiyo si sababu ya kuiacha mashine. Ni sababu ya kupunguziwa bei. Betri mpya itafutwe kwa namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani yenyewe, kwa sababu modeli moja ya kompyuta huweza kuja na betri za aina mbili zisizoingiliana.

Sasa mambo mawili ya kupima.

La kwanza ni kioo, na hapa nakuomba usione haya. Washa mashine, fungua karatasi ya Excel, utoke nayo nje ya duka saa sita mchana. Unajua jua letu la Dodoma. Kama kusoma namba ndogo kunakutaka uinamishe shingo na kuziba mwanga kwa kiganja, ofisi ya kijiji yenye madirisha wazi itakutesa kila wiki. Kioo cha niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) hapo kinakata tamaa. Cha 300 na kuendelea, kisichong'aa, kinavumilika. Kile cha kugusa mara nyingi kinang'aa kama kioo cha kujitazama, kwa hiyo kukikosa si hasara kwako. Angalia pia kama ni cha 1920 kwa 1080. Mashine nyingi za kizazi cha 8 zilikuja na 1366 kwa 768, ambacho kitakulazimisha kusogeza safu kulia na kushoto siku nzima.

La pili ni kufuli. Mashine hizi zilikuwa mali ya makampuni huko zilikotoka, na nyingine zimekuja bado zimesajiliwa kwao. Mwombe muuzaji aifute mashine na kuiweka Windows upya kabisa mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikikuomba barua pepe ya kampuni usiyoijua, funga kifuniko umrudishie. Vivyo hivyo ikidai nywila unapotaka kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayowaka kabla ya Windows. Akisema ataitoa baadaye, usikubali.

Ukiwa hapo hapo, tazama kibodi. Yako umeambiwa ni ya Uingereza, lakini hakikisha: zilizotumika Ujerumani huwa Z na Y zimebadilishana mahali, na sisi kwa Kiswahili hatuandiki sentensi mbili bila hizo herufi. Kubadili mpangilio ni dakika moja, ila maandishi ya kwenye vibonye yatabaki kukudanganya.

Kizazi cha 8 ndio mpaka wenyewe. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel orodha ya Windows 11 inaanzia kizazi hicho, ukiacha chache sana. Cha 7 usikiguse hata kwa bei ya bure. Ukipata cha 10 au cha 11 kwa kuongeza laki mbili, ongeza, halafu RAM ununue mwezi ujao.

Bado kuna vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba nafungua mashine za watu wa vijijini nakuta kati ya feni na mapezi ya shaba pamejaa utando mwekundu, mzito kama kipande cha blanketi; unautoa kwa koleo ukiwa mzima. Mashine inayopumua kwa chini, ukiiweka kwenye kitambaa au kwenye magoti, inavuta zaidi. Tembea na ubao mdogo wa kuiwekea, na uilete isafishwe mara moja kwa mwaka, Novemba, kabla mvua hazijaanza na kazi yako ya msimu haijapamba moto.