Kijani na manjano kwenye kijiti kimoja: ni wadudu wa aina mbili?

Swali: Habari za kazi, daktari. Hapa Mtito Andei nimekuta kijiti kimejaa kitu kama maua, mengine ya kijani, mengine ya manjano. Nilipokigusa, "maua" yote yakaruka! Nimekutumia picha. Je, hawa ni wadudu wa aina mbili? Na wanaitwaje?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kutopita tu. Wadudu hawa hawarekodiwi mara nyingi, kwa kuwa wengi huwaona maua wakaenda zao.

Rangi isikupoteze. Katika jenasi (kundi la spishi zilizo jamaa) ya Ityraea, spishi moja huwa na wadudu wa kijani na wa manjano kwenye kijiti kimoja. Mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory aliwaona wadudu wa jenasi hii Kibwezi, jirani yako, katika safari yake ya 1893, na Ityraea gregorii ikapewa jina lake.

Nimeikuza picha yako ya pili. Kipapasio kimeota chini ya jicho, na pingili yake ya pili imevimba kama punje. Hiyo ni alama ya kundi la Fulgoroidea, wadudu warukao wanaofyonza utomvu wa mimea. Ukingoni mwa bawa kuna vimishipa vingi vilivyopangana kama meno ya kitana, na karibu na mgongo kuna vipele vidogo vidogo. Basi familia yao ndani ya kundi hilo ni Flatidae, sina shaka. Ityraea naikaribia sana. Spishi siitaji kwa picha, maana jina la kubahatisha likishaingia kwenye kumbukumbu, kulitoa ni kazi.

Jibu la spishi limo kwenye ncha ya tumbo la dume. Mimi huikata, nikaichemsha kwenye potasi kali hadi nyama iyeyuke, nikatazama umbo la viungo vya uzazi kwa hadubini.

Ukiwaona tena, piga picha kwanza, kwa sababu spiriti hufifisha rangi: ubavuni, usoni, na kundi zima kabla hujaligusa. Kisha chukua wanne au watano tu wa kila rangi, uwatie kwenye spiriti ya asilimia 95. Andika kwa penseli tarehe, mahali na jina la mti, hata likiwa la Kikamba, karatasi uitie humo humo chupani. Na utazame kama kuna watoto wenye nyuzi nyeupe za nta mkiani. Wakiwepo, ujue huo mti ndio unaowalisha.