Kuboresha modeli ya zamani ya Sopwith Camel: kazi yote iko kwenye mabawa

Seti za plastiki za ndege za mabawa mawili zilizotoka miaka ya 1950 na 1960 zinafahamika kwa sura: vipande vichache, mabawa manene, chumba cha rubani kitupu, na rubani aliyekalia vijiti viwili vya plastiki. Wengi wakifungua boksi kama hilo huwaza kwanza vioo vya dashibodi na mikanda ya kiti. Kwenye skeli ya 1/72, yaani modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, bawa la juu litafunika karibu vyote hivyo. Kinachotenganisha modeli nzuri na kichezeo ni unene wa kingo za mabawa, mabawa kukaa sawa, na nyaya zinazoyafunga pamoja. Muda wako upeleke huko.

Camel ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ndege hii ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1916 ina jozi moja tu ya nguzo kila upande kati ya mabawa, kwa hiyo nyaya zake si nyingi. Upana halisi wa mabawa ni mita 8.53, yaani mm 118 kwenye 1/72. Pima kipande chako kabla ya kukata chochote. Kikipungua au kuzidi kwa milimita moja, kiache. Hakuna jicho litakaloona.

Osha fremu zote zinazoshikilia vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kiwandani hukataa rangi. Bawa lililopinda litumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, linyooshe polepole kwa vidole, kisha lipeleke kwenye maji baridi likiwa bado limeshikwa. Maji yanayochemka hulegeza plastiki kupita kiasi, na bawa likishajikunja hivyo halirudi vizuri.

Sasa mabawa. Ukingo wa nyuma kwenye seti hizi mara nyingi unafika milimita moja, na hiyo ni sawa na sentimita 7 kwenye ndege halisi, ilhali ukingo wa Camel ulikuwa mwembamba kabisa. Lengo ni mm 0.3. Bandika msasa namba 240 kwenye ubao bapa, sugua upande wa chini wa bawa peke yake, ukielekea kutoka mbele kwenda nyuma. Ukisugua kinyume chake, ukingo unachanika. Maliza kwa namba 400, halafu 800.

Upande wa juu una tatizo jingine: mabonde makubwa kati ya mbavu, kana kwamba kitambaa kimelegea. Kitani cha ndege halisi kilipakwa vanishi maalumu iliyokivuta kikakaza kama ngoma. Jaza mabonde kwa praima (rangi ya msingi) nzito, sugua, rudia mpaka mbavu zibaki kama kivuli tu. Baadhi ya seti zina pia miduara iliyochongwa kuonyesha pa kubandika alama za taifa. Ifute yote sasa, kwa sababu itatokeza chini ya stika.

Nguzo za kwenye boksi zinafaa kama kipimo cha urefu tu. Tengeneza mpya kwa ukanda wa plastiki uliosuguliwa uwe na umbo la tone, na utoboe kila ncha uingize kipini cha waya wa shaba wa mm 0.3. Vipini hivyo ndivyo vitakavyobeba bawa. Gundi pekee haitoshi.

Toboa matundu ya nyaya kabla ya kuunganisha chochote, kwa keekee ya mkono yenye biti ya mm 0.3. Bawa la juu usilipenyeze: ishia nusu ya unene, kutokea upande wa chini. Bawa la chini lipenyeze kabisa. Chomeka ncha za uzi wa nailoni wa mm 0.1 kwenye matundu ya bawa la juu kwa tone dogo la supagluu, uache nyuzi zining'inie. Kufikia hapo rangi iwe imekamilika kila mahali, isipokuwa chini ya bawa la chini.

Kwa ulinganifu, kumbuka kwamba bawa la juu la Camel limenyooka kabisa, na la chini limeinuka digrii 5 kila upande. Kwenye 1/72, ncha ya chini hupanda karibu mm 5 kutoka shinani. Kata kadibodi ngumu kwa pembe hiyo, laza ndege juu yake, gundisha bawa la chini, ngoja likauke kabisa. Fuata nguzo fupi za kiwiliwili, kisha bawa la juu, mwisho nguzo za nje. Litazame kutoka mbele na kutoka juu kabla gundi haijashika. Bawa la juu lililokwenda upande kwa milimita moja huonekana ukiwa mlangoni.

Uzi unapitishwa kwenye tundu lake la chini, unavutwa kwa kibanio cha nguo kinachoning'inia, kisha unafungwa kwa supagluu. Fanya kwa zamu, wa kushoto halafu wa kulia. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mvutano utapindisha mabawa. Uzi uliolegea utakazwa kwa kusogeza kijiti cha udi kinachofuka karibu yake bila kuugusa. Kata mabaki, ziba matundu, sugua, ndipo upake chini ya bawa.

Chumba cha rubani kinatosheka na kiti, usukani na sakafu yenye rangi ya mbao. Injini inastahili uangalifu zaidi: ilizunguka pamoja na propela, kwa hiyo usiigundishe kwenye kiwiliwili ukaacha propela peke yake ikizunguka. Ukingo wa kifuniko chake ukwangue kwa ndani mpaka uonekane bati.

Stika za zamani zilizogeuka njano zipachike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa siku kadhaa. Kisha jaribu ile usiyoihitaji kwenye maji. Ikivunjika vipande, zipake zilizobaki vanishi angavu, ziache zikauke, na ukate kila moja kwa mkasi karibu na ukingo wake.

Injini hiyo ilitema mafuta ya mbarika yaliyokwishatumika, na mengi yaliishia tumboni mwa ndege. Rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, ikipakwa chini ya kiwiliwili kuelekea mkiani, inatosha. Juu ya mabawa usiiweke.