Visima vitupu vinatoa mwanga: anza na koelenterazini

Pole dada. Umesema kwamba katika kipimo chako cha kingamwili, visima vya sahani visivyo na seramu (majimaji ya damu) vinatoa mwanga karibu sawa na vyenye seramu ya wagonjwa, na unahofia lusiferasi, kimeng'enya cha kutoa mwanga, uliyoiunganisha na antijeni (kile ambacho kingamwili hukishika) imeharibika. Sidhani. Kimeng'enya kikiharibika, mwanga hufifia kila mahali.

Mimi ningeshuku kwanza koelenterazini, kemikali ambayo lusiferasi huitumia kutoa mwanga. Huharibika kwa mwanga na joto, na hata bila kimeng'enya hutoa mwanga kidogo yenyewe. Ichanganye muda mfupi tu kabla ya kupima, na chupa uifunge kwa karatasi ya aluminiamu. Kisha pima bafa (mmumunyo wa kipimo) na koelenterazini tu, bila kitu kingine. Luminomita (mashine ya kupima mwanga) ikisoma juu, umempata mwizi.

Ikisoma chini, huenda tatizo ni kuosha. Vishanga (chembe ndogo za duara) vya protini A/G hushika kingamwili, kingamwili hushika antijeni yenye lusiferasi, na kila kisichoshikwa lazima kiondoke. Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe tone moja lilikuwa linabaki ukingoni mwa kila kisima. Inua sahani, itazame kwa chini dhidi ya taa. Osha hata mara 8 au 10.

Jambo moja linanitia wasiwasi zaidi: umeandika kwamba ndugu wa mgonjwa wanakuuliza majibu. Tafadhali usiwape. Vishanga hivyo hushika vizuri IgG, aina ya kingamwili ambayo kwa kawaida huongezeka baadaye, lakini hushika kwa udhaifu IgM, aina inayotangulia kutokea, kwa hiyo aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kuonekana hana kitu. Waelekeze kwa daktari wao, apimwe kwa kipimo kilichoidhinishwa.