Kwa fundi anayeanza kuchonga vipuri vya pikipiki

Vijana wanaoingia karakanani siku hizi wana mikono mizuri. Wengi wanachomelea kwa utulivu, na ukiwapa grenda wanakata mstari ulionyooka. Kinachowachelewesha ni kuangalia kipuri kimoja kana kwamba kipo peke yake. Kwenye pikipiki ukirefusha au ukisogeza kitu kimoja, umebadilisha kazi ya vingine vitatu au vinne, na juu yake amekaa mtu, mara nyingi na abiria nyuma yake. Kwa hiyo kabla hujawasha mashine, jiulize kipuri hiki kitafanya nini kwa jirani zake. Hilo ndilo nataka ulishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Chukua kazi inayoletwa mara kwa mara. Mwenye bodaboda ya cc 150, yenye shokapu mbili za nyuma, anataka swingi amu irefushwe, yaani ule mkono wa nyuma unaoshika ekseli. Anabeba magunia, na akipanda mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi mno. Ombi lake lina mantiki, maana gurudumu la nyuma likirudi nyuma, la mbele linakaa chini zaidi. Fundi mchanga huona hapo kazi ya kukata, kuunga bomba na kuchomelea. Ngoja kwanza tupige hesabu.

Tuseme kutoka kwenye pini ya mkono hadi katikati ya ekseli ni milimita 450, naye anataka uongeze 100. Shokapu zinabaki kwenye masikio yake ya zamani, yaani pale zinapofungwa kwa boliti. Mzigo uleule ukikaa kwenye ekseli, sasa unazisukuma shokapu kwa urefu wa 550 badala ya 450, kwa hiyo zinabeba asilimia 22 zaidi. Ulaini nao unaongezeka. Gawanya 450 kwa 550, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 0.67. Maana yake, ukipima ugumu wa springi pale kwenye gurudumu, theluthi moja imeondoka kabla hata gunia la kwanza halijapakiwa. Mteja alikuja akitaka kubeba zaidi, na wewe umempa pikipiki inayokaa chini mapema zaidi.

Dawa ni kusogeza sikio la chini la shokapu nyuma kwa uwiano uleule, au kutafuta springi ngumu zaidi. Lakini ukisogeza sikio la chini tu na kuliacha la juu palepale, shokapu inalala, na ikilala inapoteza nguvu. Iliyoinama nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa mwendo wa mkono inabakiwa na robo tatu ya ugumu wake. Ikilala nyuzi 45, imebaki nusu. Ndiyo maana mara nyingi utalazimika kusogeza na sikio la juu, na hapo umeshaingia kwenye fremu, kazi inayodai umakini mwingine kabisa. Na tafadhali usimwambie mteja kwamba kukaza ile pete ya shokapu kunaifanya springi iwe ngumu. Kunainua pikipiki tu. Ugumu wa springi ni uleule.

Tuje kwenye cheni. Ekseli ikirudi nyuma milimita 100, cheni inahitaji 200 zaidi, upande wa juu na upande wa chini. Pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia cheni namba 428. Ile 4 ya mwanzo inamaanisha sehemu nne kati ya nane za inchi, yaani nusu inchi au milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Mia mbili ukigawanya kwa 12.7 unapata pingili 15.75. Idadi ya pingili lazima iwe shufwa kwa sababu pingili pana na nyembamba zinapokezana, kwa hiyo utaongeza 16 na ekseli itakaa milimita moja na nusu hivi nyuma ya pale ulipopanga. Acha nafasi hiyo kwenye tundu la kukazia cheni kabla hujalikata. Anayekata kwanza na kuhesabu baadaye hujikuta ekseli imegota mwisho wa tundu na cheni mpya haina pa kukazwa.

Kuna jambo la ulegevu wa cheni ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Sproketi ya mbele, ile gia yenye meno inayovuta cheni, haizunguki mahali palepale mkono unapopindia. Imekaa mbele kidogo. Kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka, cheni inakaza na kulegea. Inakaza kuliko wakati wote pale katikati ya sproketi ya mbele, pini ya mkono na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Basi toa shokapu zote mbili, inua mkono taratibu mpaka vitatu hivyo vinyooke, na hapo hakikisha cheni bado ina ulegevu kidogo. Kisha rudisha shokapu, simamisha pikipiki bila mzigo, na upime ulegevu upya. Kipimo hicho ndicho cha pikipiki hii kuanzia leo, na kile cha kwenye kitabu kilikuwa cha mkono wa zamani. Mwandikie mwenye chombo. Cheni inayokaza mno pikipiki ikiwa na mzigo inavuta shafti ya giaboksi kila gurudumu linapoingia shimoni, na beringi ya pale ndiyo inayokufa.

Kuhusu sproketi zenyewe, ushauri wangu ni mfupi: usichonge meno. Nunua sproketi yenye meno sahihi, iliyotiwa ugumu kiwandani, halafu tengeneza katikati yake ikae kwenye habu yako, yaani kitovu cha gurudumu. Unapoifunga kwenye mashine ya kukereza, itafutie katikati kwa kuzungusha na kupima kwenye meno. Usilitegemee tundu la zamani, kwani likiwa pembeni hata kwa nusu milimita, cheni italegea na kukaza kila mzunguko na hutajua kwa nini. Mteja akitaka nguvu zaidi ya kupanda, kumbuka kwamba kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Kwa 14 na 42 uwiano ni 3.0, ukiweka 13 mbele unapata 3.23, na ukiweka 45 nyuma unapata 3.21. Mimi huchagua nyuma pale nafasi inaporuhusu, kwa sababu sproketi ndogo mno ya mbele inaikunja cheni zaidi na kuichosha haraka.

Tairi pana nalo lina gharama yake. Cheni ikianza kugusa tairi, utasogeza sproketi ya nyuma nje, na ya mbele lazima isogee kiasi hichohicho. Kila milimita unayoisogeza ile ya mbele inaongeza mzigo kwenye beringi ya giaboksi. Milimita chache zinavumilika. Zaidi ya hapo, mshauri mteja achukue tairi jembamba, hata kama atanuna.

Sasa bushi ya katikati ya habu, kile kibomba kinachokaa kati ya beringi mbili za gurudumu. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini magurudumu mengi ya kuchonga yanaharibikia hapo. Urefu wake lazima ulingane na umbali kati ya vikalio vya beringi ndani ya habu. Ikiwa fupi, ukikaza nati ya ekseli unazisukuma pete za ndani zije katikati huku za nje zimezuiwa, na beringi inabanwa ubavuni. Itazunguka vizuri karakanani, lakini baada ya muda barabarani itaanza kulia. Iache iwe ndefu kidogo sana, sehemu ya kumi ya milimita, isiwe fupi kamwe. Unapoingiza beringi kwenye habu ya alumini usipige nyundo kwa hasira. Pasha habu moto polepole hadi nyuzi mia moja hivi: tundu la milimita 42, ambalo ndilo la beringi 6302, linapanuka kama 0.08, na beringi inaingia kwa kusukumwa tu.

Ekseli usichonge kwa nondo wala kwa chuma usichojua asili yake. Tafuta EN19, chuma cha aloi, na bushi za kawaida unaweza kuzichonga kwa EN8, chuma cha kaboni ya wastani. Kwenye ekseli usiache kona kali pale kipenyo kinapobadilika; acha mviringo mdogo, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona. Springi usiichomelee wala usiipashe moto ili ishuke, hata mteja akisisitiza namna gani. Ikishapoteza ugumu wake hairudi.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye pikipiki, chomoa betri, na kibano cha waya wa ardhi ukiweke karibu kabisa na mshono. Umeme ukipitia kwenye beringi unaacha vidonda kwenye njia ya gololi. Mkono wa nyuma uchomelee ukiwa umefungwa kwenye jigi, yaani fremu ya kuushikilia usisogee, na ekseli halisi ikiwa mahali pake. Gusagusa kwanza pembe nne, pima kulia na kushoto kutoka kwenye pini hadi ekseli, ndipo umalizie kwa vipande vifupi ukibadilisha upande, maana joto linavuta chuma. Ukimaliza, pima tena.

Jaribio la kwanza fanya mwenyewe, bila abiria, barabara tupu, mwendo mdogo. Kabla ya kutoka chora mstari wa rangi unaovuka kila nati na chuma kilicho chini yake. Ukirudi utaona mara moja ipi imesogea. Kaza, zunguka tena, kisha ipakie pikipiki mzigo wake wa kawaida na upime cheni mbele ya mwenye pikipiki, ili ajue namna ya kuipima akiwa kijiweni.