Siku karani alipoacha kuisifu programu yangu

Toleo la kwanza la programu yangu ya kupokelea zabibu lilisifiwa sana. "Nzuri mno, kaka," karani wa mizani aliniambia pale Hombolo, Dodoma, kreti zikiwa zimepangwa hadi mlangoni. Kisha akafungua daftari, akaandika kilo kwa kalamu.

Bahati yangu, Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo sikukaa na aibu muda mrefu. Safari ya pili sikwenda na maswali. Nilikalia kreti tupu nikatazama mikono yake. Vidole vinanata maji ya zabibu. Jua la saa saba linapiga kioo, na yale maandishi ya kijivu niliyoyapenda ofisini hayasomeki. Programu inataka jina, kijiji, tarehe, ndipo kilo, wakati yeye huanza na kilo, maana mzani hutangulia kusema kabla ya mkulima. Tena kila akihifadhi anaulizwa, "Una uhakika?" Mtu anayepima kreti tangu alfajiri ana uhakika kuliko mimi!

Nikaanza upya. Kilo zikatangulia, kama daftarini. Vitufe vya namba nikavikuza kupita milimita 9 ambazo Google huwashauri waundaji wa programu za Android. Kipimo hicho kinatosha kidole kikavu. Swali nikalifuta, nikaweka pembeni kitufe cha "Tengua", cha kurudi nyuma akikosea. Rekodi ikawa inahifadhiwa kwenye simu kwanza na kutumwa mtandao ukipatikana, ili asisubiri.

Si kila kitu kipite kimyakimya, lakini. Ukituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri, na hapo ni haki usimame usome.

Kwa hiyo ukipeleka kazi yako kwa watu, usiwaulize wameionaje. Tuna adabu sana kwa wageni, utasifiwa tu. Waache wafanye kazi yao, wewe angalia kidole kinasita wapi.

Msimu uliofuata nilikaa karibu na karani nikingoja aitaje programu. Hakuitaja. Alilalamikia bei ya zabibu, akamlalamikia mnunuzi ambaye lori lake lilikuwa halijafika, kidole gumba kikibonyeza bila yeye kuinamia simu. Daftari nililiona baadaye: limekunjwa, limewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe.