Pikipiki isafiri imesimama

Mwaka 2019 nilimnunulia mdogo wangu Boxer, akafanyie bodaboda Kondoa mjini. Sikuwa na nafasi ya kumpelekea mwenyewe, nikaikabidhi kwa kirikuu iliyokuwa inapeleka mzigo huko. Jamaa wakailaza ubavu juu ya magunia, wakaikaza kwa mpira wa tyubu, wakaondoka. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, lami mwanzo mwisho tangu barabara ile ya kwenda Babati ilipokamilika, kwa hiyo nililala usingizi wa mchana bila wasiwasi. Jioni simu ikaita: "Kaka, pikipiki imefika, ila haiwaki, na inanuka petroli mpaka kwenye siti."

Fundi aliifungua huku mdogo wangu ananisimulia kwenye simu. Petroli ilikuwa imetokea kwenye kitundu cha hewa cha mfuniko wa tenki, na nyingine kwenye kabureta. Oili ilikuwa imepita kwenye mpira wa kupumulia wa injini ikalowesha kichujio cha hewa chapachapa. Maji ya betri yalichuruzika kwenye chasisi, na kila yalipopita rangi ilivimba na kubanduka. Mkono wa klachi ulipinda. Chini ya pikipiki kulikuwa na magunia mawili ya unga ya mama mmoja, yote yamekunywa petroli. Yule mama nilimlipa, na nilimwomba radhi, maana mzigo ulikuwa wangu. Mdogo wangu alianza kazi siku nne baadaye akiwa tayari ana deni kwa fundi.

Tangu hapo nimebeba pikipiki nyingi, zangu na za watu, kwenda Mpwapwa, Kibaigwa, Manyoni mpaka Singida. Naandika haya kwa sababu kila Jumamosi ukipita mnada wa Msalato bado utaona pikipiki zinapakiwa kama mbuzi waliochinjwa, na wenyewe wamesimama pembeni wanaangalia. Pikipiki iliundwa isimame kwa matairi yake. Tenki, kabureta, betri na injini vyote vimepangwa kwa kutegemea hilo. Ikilala ubavu kwa muda wa saa tatu, kila kilichokuwa kimetulia chini kinatafuta njia ya kutoka.

Kupakia nitakupitisha haraka. Usiinyanyue kwa mikono ya watu wanne wanaopiga kelele, mtu ataumia mgongo, na Boxer ina zaidi ya kilo 100. Tafuta mwinuko, kingo ya mfereji au kichuguu, rudisha gari nyuma mpaka bodi ikaribiane na ardhi, weka ubao mpana na mnene, na uufunge ili usiteleze. Mmoja aongoze kwa usukani, kidole kikiwa kwenye breki ya mbele, mwingine asukume kwa nyuma. Injini imezimwa, koki ya mafuta imefungwa, na tenki lisijae. Robo inatosha.

Kwenye kufunga ndiko watu wengi wanakosea, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri.

Tairi la mbele liegemee ukuta wa mbele wa bodi, katikati, na pande zote mbili za tairi pigilia vipande vya mbao ili lisicheze. Ingiza gia namba moja. Stendi zote zikunjwe. Najua wengi wanaiacha kwenye stendi ya pembeni halafu wanaivuta kwa kamba upande wa pili. Hapo uzito wote na mvuto wote wa kamba unaishia kwenye kale kachuma kadogo, na kila tuta linakapiga nyundo. Stendi ya kati nayo gari likiruka pikipiki inaruka na kuteremka, halafu kamba zote zinalegea kwa mpigo. Kinachotakiwa kuishika ni matairi yake na mikanda minne.

Minne, si miwili. Miwili ya mbele ishike pale chini ya usukani ambapo bomba mbili za shokapu zinabanwa pamoja. Usifunge kwenye ncha za usukani, wala kwenye mkono wa klachi, na usipitishe mkanda juu ya nyaya. Kila mkanda uvute kwenda mbele na kwenda nje, kushoto na kulia, halafu kaza kidogo kidogo kwa zamu, huku uvute huku uvute, mpaka shokapu za mbele zibonyee kama nusu ya mwendo wake. Hapo utaona pikipiki imetulia, ukiisukuma kwa bega gari zima linatikisika nayo. Usizibonyeze mpaka mwisho. Sili zitaanza kuvuja oili, na tairi likigonga shimo shokapu haina tena pa kwenda. Mimi hukata kipande cha mbao nikakiweka kati ya tairi la mbele na madigadi, kinazuia nisikaze kupita kiasi. Mikanda miwili ya nyuma ishike chasisi karibu na keria na kuvuta kwenda nje na nyuma kidogo. Kazi yake ni kuzuia mkia usiruke kwenda pembeni.

Tumia mikanda ile yenye kikazio cha chuma, inayofungia mizigo ya malori. Mpira wa tyubu unavutika, na kinachovutika kitaiachia pikipiki iruke, hata ukiuzungusha mara kumi. Kamba ya manila inavutika pia, na ikisuguana na ukingo wa bodi inakatika nyuzi kwa nyuzi bila wewe kuona. Kama huna budi kutumia kamba, itumie kusaidia mikanda, na kila inapogusa chuma au rangi kunja kitambaa uweke katikati.

Ukibeba nyingi kwenye Canter, zipange moja kichwa mbele, nyingine kichwa nyuma, usukani zisigongane. Kila moja ifungwe kwenye bodi ya gari. Ukizifunga zenyewe kwa zenyewe, ikianguka moja zimeanguka zote.

Kuna jambo siwezi kuliruka. Siku moja naenda Mpwapwa na pikipiki mbili, nimemaliza kufunga, tandiboi akapanda nyuma akakaa juu ya moja, miguu huku na huku, mikono kwenye usukani. "Mimi naishikilia mzee, wewe endesha tu." Kijana wa kama miaka 18, na alimaanisha kunisaidia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, shuka, njoo ukae mbele na mimi." Akanuna. Nikamsubiri mpaka akashuka. Gari likikanyaga tuta ambalo dereva hakuliona, kilo 100 na zaidi zinaenda upande mmoja kwa nguvu ambayo mikono ya mtu haiwezi kuizuia, na mguu wake uko katikati ya pikipiki na bodi. Dereva akifunga breki ghafla, anarushwa. Pikipiki inayohitaji mtu wa kuishika haijafungwa. Fungua, anza upya, hata kama jua linazama. Nawasihi wenye magari, msikubali kijana wa watu akae pale.

Ukishatoka, simama mapema. Nikielekea Kondoa nasimama Veyula, nikielekea Morogoro nasimama Ihumwa. Mikanda hujilaza na matairi hujikalisha katika kilomita za mwanzo, na mara nyingi utakuta angalau mmoja umelegea. Baada ya hapo natazama kila ninapokunywa maji, na kila baada ya rasta zile zinazotetemesha gari mpaka meno.

Sasa pikipiki zile za magurudumu manne. Mwaka juzi mzee mmoja mwenye shamba la zabibu Hombolo aliniita nimchukulie mbili mjini kwa tela lake dogo. Nilipofika akanisalimu "Mbukwenyi," tukakaa, akanionyesha kwenye simu video ya watu wa Marekani wamezisimamisha kwa mkia, pua juu, ili zienee mbili kwenye tela la moja. Akaniuliza kama tunaweza.

Zinasimama kweli, nyingine zina keria ngumu ya nyuma inayobeba uzito huo. Lakini yaliyoipata Boxer ya mdogo wangu ndiyo yanaipata na hii, na zaidi, kwa sababu hii ina uzito wa kilo 250 na kuendelea. Mafuta yanatoka kwenye mfuniko. Betri ya maji inavuja. Oili inahama kutoka chini ya injini, inaingia kwenye boksi la kichujio, na inaweza kupenya mpaka juu ya pistoni. Hapo ndipo penye hasara kubwa: hewa inagandamizwa, oili haigandamiziki. Ukibonyeza stata silinda ikiwa na oili, pistoni inagonga kitu kigumu na konirodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, inapinda. Umemaliza injini kwa kidole kimoja.

Nilimshauri mzee twende mara mbili, akakubali. Kila moja tuliipakia kwa matairi yake, tukaisogeza hadi uzito mwingi kidogo, kama asilimia 60, ukawa mbele ya ekseli ya tela. Uzito ukikaa nyuma, tela linaanza kuyumba na kulivuta gari mkia, na kadiri unavyokimbia ndivyo linavyozidi.

Ambaye hana njia nyingine ila kuisimamisha kwa mkia, anaihifadhi kwenye banda finyu mathalani, basi aondoe petroli yote, atoe betri, na aifunge keria ya mbele kwenye nguzo imara au pete iliyoshindiliwa ukutani, kwa mikanda miwili. Watoto wasikaribie hapo. Akiishusha, aiache imekaa kwa matairi yake nusu saa au zaidi, afungue boksi la kichujio aangalie oili, atoe plagi, azungushe injini bila plagi ili kama kuna oili irukie nje, ndipo airudishe plagi na kuiwasha.

Kwa pikipiki ya kawaida inayowekwa ndani mwezi mzima au zaidi, stendi ya kati ndiyo mahali pake. Funga koki, uiache iungurume mpaka kabureta ikauke. Tenki lijae, maana tenki la chuma lililo nusu linapata kutu kwa ndani. Chomoa waya wa hasi wa betri. Ifunike kwa shuka la pamba, nailoni inafuga unyevu, na mdomo wa ekzosi uzibe kwa kitambaa chekundu ili usisahau kukitoa. Vumbi letu la Dodoma kiangazi linaingia kila tundu. Panya nao wanapenda nyaya, kwa hiyo usiiweke jirani na magunia ya mahindi, na hata kidogo usiiweke chumba chenye jiko la mkaa.

Ukifika na mzigo wako, usifungue mikanda yote kwa haraka ya kufika. Mtu mmoja aishike usukani na breki kwanza. Legeza ya nyuma, halafu ya mbele upande wa pili wa aliyeishika, na wa mwisho uwe ule wa upande wake, ukiulegeza polepole kwa sababu shokapu zinainuka kwa nguvu. Mwaka jana nilimpelekea mdogo wangu ya pili. Yeye ndiye aliyeishika usukani, mimi nikafungua. Tuliishusha palepale stendi ya Kondoa, akapiga kiki mara moja.