Ua la majani ya springi limenyooka, limenishinda?

SWALI: Habari ya kazi bwana bustani. Mwezi wa nne nilinunua ua moja kwa wale wanaouza miche pembeni ya barabara ya Entebbe, majani yake yamejikunja kabisa kama springi ya kalamu, watoto walilipenda nikaliweka sebuleni kando ya tivii na kila asubuhi nalimwagia maji kikombe kimoja. Sasa majani mapya yanatoka yamenyooka tu kama ya kitunguu na yanalala, moja la chini limekuwa njano. Jirani anasema nimwage majivu. Ni ugonjwa gani huu? Na naweza kulihamishia nje, ardhini?
Mama wa Mukono

JIBU: Mama pole, huo si ugonjwa, ni giza na maji mengi. Ua lako wataalamu wanaliita Albuca spiralis, kwao ni Afrika Kusini huko Cape, sehemu ambazo mvua inanyesha wakati wa baridi ndo majani yanaota, halafu joto likija na ukame linajilalia chini ya udongo. Kule kujikunja inasemekana kunalisaidia kunasa umande na ukungu, ila bila jua la kutosha halijikunji, linanyooka likitafuta mwanga, na hapo sebuleni kando ya tivii kwake ni giza.

Leo hii litoe kwenye chungu, kung'uta udongo, ubonyeze kile kitunguu chake kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu kama cha sokoni shukuru Mungu. Kikibonyea, kata palipooza kwa kisu safi mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, kiache kivulini siku tatu nne pakauke ndo upande tena. Udongo wetu mwekundu peke yake usitumie, unashika maji sana, changanya sehemu moja ya udongo na mbili za mchanga mkubwa au matofali yaliyopondwa, chungu kiwe na tundu chini, na nusu ya kitunguu ibaki juu inaonekana. Watu wengi wanakifukia chote, kinaoza hawajui kwa nini.

Kiweke verandani mahali jua la asubuhi linapiga mpaka kama saa tano, lakini chini ya bati, maana mvua zetu hakitaziweza, na kwa hiyo ardhini hapana mama, labda kwa mtu wa Kabale mwenye mwinuko wa mawe na usiku wa baridi. Maji ni mpaka uchomeke kidole na ukute pakavu, umwagie mpaka yatoke chini, basi. Majivu peleka kwenye migomba.

Yale yaliyonyooka hayatarudi kujikunja, subiri mapya. Siku majani yote yakianza kuwa njano usilie wala usilitupe, linataka kulala, acha maji kabisa miezi miwili mitatu. Maua nisikudanganye, kwa joto la Mukono yanaweza kuchelewa au yasije, ila yakija ni ya njano na kijani, yanainama, yananukia kama vanila, na wewe wa Mukono vanila hufundishwi.

Hicho kikombe cha asubuhi nywea chai.